Mwisho Aliotunyima Mama Robine

Mwanamke aliyetunza bomba la maji la mtaa wetu, Nyamianda, mjini Uvira, alikuwa mkali, mpenda sukari na mwongo asiye na mpinzani. Tulimwita Mama Robine kwa sababu ya kazi yake. Ufunguo wa robine ulining'inia shingoni mwake, na bila yeye hakuna aliyechota. Jina lake la ubatizo sikuwahi kulijua. Namweleza leo kwa sababu kwa miaka mingi alitunyima kitu kimoja, mwisho wa hadithi, na kwa kuungoja mwisho huo nusura mama yangu afie ndani ya nyumba yake.

Maji ya kwetu yalikuja yalipopenda. Siku nyingine asubuhi, siku nyingine jua likiwa utosini, na siku nyingine hayakuja kabisa. Kwa hiyo watu walipanga bido zao, madumu ya njano ya plastiki, katika mstari, na mtu akienda zake, bido ilibaki kumshikia nafasi. Bido kwetu ni mtu. Ukiisukuma nyuma ya mwenzako umemsukuma yeye, na patakuwa na ugomvi wa kuamuliwa na mtaa mzima. Katika kungoja huko ndiko Mama Robine alikosimulia, amekaa juu ya tofali, kitenge amekifunga chini ya kwapa, anatafuna muwa na kutema makapi kando.

Hakuuliza kama tuko tayari. Alianza pale alipokatia jana, hata kama alikatia katikati ya neno, na kama jana hukuwepo, shauri yako. Na alipokatia palitegemea maji. Bomba likianza kukohoa, hadithi ilikwisha siku hiyo, hata kama msichana wetu ameruka kutoka mwambani na hajafika chini. Tulipiga kelele, tukamwomba, tukamtukana kimoyomoyo. Yeye alikuwa ameshainama anafungua robine, uso mkavu, kama mtu ambaye hajawahi kusimulia chochote maishani mwake.

Hadithi ilikuwa moja tu, na ilianza kabla sijaweza kubeba bido. Mwami wa Chini, mfalme anayetawala nchi iliyo chini ya ziwa, hupanda nchi kavu siku za ukungu na kuiba vivuli vya watu. Mtu aliyeibiwa kivuli haugui. Ila polepole wenzake wanaacha kumwona: anasalimia haitikiwi, anakaa kula na sahani yake haiwekwi. Basi msichana mmoja, Nabintu, ambaye kaka yake aliibiwa kivuli, akashuka chini ya maji kukitafuta. Huko alikuta soko la watu waliozama, ambako hakuna anayepaza sauti. Alikuta ng'ombe wa milima ya Rurambo waliosombwa na mto wakati wa mvua, wakiwa bado wanachungwa na mchungaji wao yuleyule. Langoni alikuta mamba kipofu, akamruhusu kupita kwa ahadi kwamba akirudi atamweleza jua linafananaje. Kila nchi ilizaa nchi nyingine, na kila aliyemsaidia Nabintu aliachwa nyuma akingoja. Tulikuwa tukilala na hesabu ya wanaongoja.

Mtu angedhani mwenye kujua mambo hayo yote ni rafiki wa ziwa. Wapi! Mama Robine aliliogopa ziwa kuliko nyoka. Wanawake waliposhuka kufua, yeye alisimama mbali mchangani, akiwatupia nguo zake wamfulie. Siku moja nilimwuliza:

"Mama, weye unajua mambo yote ya chini ya maji, na unaogopa maji?"

"Njo maana naogopa," alisema.

Jumapili aliongoza kwaya ya akina mama, na mahubiri yake kuhusu haki yalikuwa ya kutetemesha. Jumatatu wanakwaya wake walichota wa kwanza, wengine wote tukikodoa macho. Mtu akilalamika, alijibu kwamba wamechoka kwa kumwimbia Mungu. Alisema hapendi watoto, wana kelele na pua chafu. Ila mtoto asipoonekana kwenye mstari siku mbili, yeye ndiye aliyepeleka mtu kuuliza kama ana homa. Chai yake ilikuwa sukari iliyolowa. Na mumewe, mtu mpole aliyetengeneza baiskeli, alimwita "bwana yangu" kwa sauti nyingine kabisa, laini, ambayo sisi wa bombani hatukuwahi kupewa hata tone.

Ubishi mkubwa wa mstari ule ulikuwa juu ya mwisho. Shemasi wa kanisa la jirani alitaka Mwami wa Chini aokoke, abatizwe palepale ziwani. Wasichana walitaka harusi. Kulikuwa na baba mmoja seremala aliyetaka Nabintu awe malkia wa nchi zote mbili, ya chini na ya juu, na akamkasirikia Mama Robine wiki nzima kwa kutomwahidi. Yeye aliwasikiliza wote, akatafuna muwa wake.

"Harusi si mwisho," alisema. "Harusi, unaamuka kesho na vyombo ni vichafu."

Kwa shemasi alisema kwamba adui akitubu haraka, watu wanarudi nyumbani na hasira yao ikiwa nzima, hawajui pa kuiweka. Kwa seremala alisema ufalme ni mwisho wa mtu asiyekuwa na mama. Nilikuwa mdogo, sikuyaelewa, lakini nilipenda kuona wakubwa wakinyamazishwa.

Mtu mmoja tu alimsikiliza kwa kweli, na huyo alikuwa yaya yangu, dada yangu mkubwa, Furaha. Furaha alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa na kipaji cha kukumbuka. Mama Robine akisahau, yeye alimkumbusha: "Mama, mamba angali langoni. Na ule mzee wa soko alimupa Nabintu mafuta, hajasema aksanti." Siku moja akasema anachotaka yeye.

"Minye nataka arudi. Lakini asirudi sawa vile alienda. Akirudi sawasawa, alienda fanya nini?"

Mama Robine aliacha kutafuna. "Huyu," alituambia sote, akimwonyesha kwa kidevu, "huyu njo nitamumalizia hadithi." Furaha alitembea mtaani siku hiyo kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nilimwonea wivu mpaka usingizi ukanikataa.

Kisha vita vikashuka bonde. Sitaeleza vita, waliokuwepo wanavijua na wasiokuwepo hawataamini. Siku vilipofika, Furaha alikuwa Luvungi, huko huko bondeni, ameenda na wanawake wengine kununua unga wa muhogo. Mume wa Mama Robine alikuwa hukohuko kwa ndugu zake. Mama alinikamata mkono tukakimbilia ziwani, tukavuka kwa mtumbwi pamoja na watu tusiowajua, na sisi wawili tukawa Burundi mpaka mizinga iliponyamaza. Tuliporudi Nyamianda, tulikuta nyumba imebaki kuta na mabati. Furaha hakuwepo. Mume wa Mama Robine hakuwepo. Tuliuliza kila aliyepita barabara ile, na kila mmoja alikuwa na habari za mtu mwingine.

Wenye busara zao walitushauri kwa methali. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema, wakimaanisha tugawe nguo za Furaha na tuendelee kuishi. Methali hiyo Mama Robine aliichukia. Nilimwona akimfukuza mwanamke mzima kwenye mstari kwa kuisema.

"Lake liko!" alifoka. "Lake liko hapa, angalia!"

Alikuwa anaonyesha bido. Wakati wa kukimbia, watu waliziacha bido zao bombani, na waliporudi walizichukua. Zilizobaki zilikuwa za wasiorudi, na Mama Robine hakukubali mtu azichukue. Kila asubuhi alizipanga mstarini na sisi. Mstari ukisogea, alizisogeza. Sisi tulio hai tulikaa katikati ya bido za watu wasiokuwepo, na ungegeuka kumsemesha wa nyuma yako ukakuta ni plastiki. Watoto wengine waliogopa. Mimi nilikuwa naitafuta ya Furaha, yenye kifuniko cha mpira, nipate kukaa karibu nayo.

Zamu ya bido ya asiyekuwepo ilipofika, aliijaza. Kisha alipofunga kazi aliipeleka nyumbani kwa mwenyewe, kwa miguu, yeye mwenye kulalamika mgongo. Kwetu aliingia bila hodi, akamimina maji ya Furaha katika chungu cha pembeni, akatoka. Mama hakuyagusa maji hayo. Yalikuwa ya Furaha kuoga akifika. Asubuhi aliyamwaga kwenye mgomba, akakisafisha chungu kwa maji mengine. Nilioga ziwani miaka hiyo yote, na sikuwahi kuthubutu kusema kwamba nami nina mwili.

Hadithi iliendelea. Nabintu akapita nchi ya upepo, akapita mlima unaotembea. Lakini sasa kila mtu alijua kwamba haiendi mwisho, inazungukazunguka tu. Seremala ndiye aliyeuliza waziwazi itamalizika lini.

"Minye siwezi maliza," alijibu. "Benye balisikia mwanzo hawajafika bote. Nitamaliza namna gani, na bengine bako mu njia?"

Hakuna aliyebisha tena. Hiyo ikawa sheria ya bombani: hadithi haimalizwi mpaka warudi waliosikia mwanzo. Kwetu, mtu akifa watu hukaa kilio, wanalala chini, wanaimba, na siku ikifika kilio kinamalizwa, nywele zinanyolewa, moto unazimwa. Lakini kilio hukaliwa kwa maiti. Sisi hatukuwa na maiti, tulikuwa na bido. Mama akaishika sheria ya Mama Robine kama wengine wanavyoshika rozari. "Hadithi haijaisha," aliniambia kila nilipomtaja Furaha. "Furaha alipenda ile hadithi. Atarudi kusikia mwisho." Nilianza kuichukia hadithi, na kumchukia kidogo na mwenye kuisimulia.

Wanajeshi nao walikuja bombani, wa kila jeshi, kila vita na lake. Kijana mmoja mwenye bunduki alikaa nasi siku kadhaa, akasikiliza, kofia usoni. Siku moja akapata amri ya kupanda milimani. Alikuja asubuhi, akasimama mbele ya Mama Robine.

"Mama, maliza hadithi. Sasa."

"Afande, bado."

Akaketi, akaweka bunduki mapajani, mdomo wa bunduki ukimwelekea Mama Robine. "Nimesema sasa. Minye naenda. Sijue kama nitarudi."

Mama Robine akaitazama bunduki, akamtazama kijana. Akasimulia haraka, bila kupumzika: Nabintu akamwua Mwami wa Chini kwa mkuki, akachukua vivuli vyote katika kikapu, akarudi, watu wakapiga ngoma, akaolewa, akazaa, mwisho. Ilikuwa tamu. Tulikaribia kupiga makofi. Kijana alitazama viatu vyake.

"Hapana," alisema mwishowe. "Ile si mwisho. Umenidanganya."

"Nimekudanganya," alikubali. "Weye ulianzia katikati, mutoto wangu. Na umeniwekea bunduki. Hadithi haimaliziki na woga." Kisha akamkatia kipande cha muwa, kirefu kuliko alichowahi kumpa mwanakwaya yeyote. Kijana alikichukua akaondoka. Kuanzia siku ile, palikuwa na bido moja zaidi mstarini, nyeusi, ambayo haikuwa na mwenyewe mtaani kwetu.

Nilikua, nikaolewa, nikahamia Bukavu. Nilipokuja kumsalimu mama na wanangu, alitufurahia, alipika, aliwabeba. Lakini ningesimama mlangoni, na yeye angetazama nyuma ya bega langu, njiani, kuona kama nimekuja na mwingine. Alifanya hivyo kila safari. Hakujua kama anafanya. Niliyajua yale ya mtu aliyeibiwa kivuli tangu utoto, ila sikujua kwamba yanawapata pia waliorudi.

Kisha vita vya juzi vikaanza kushuka tena kwa barabara ileile. Mume wangu na watoto walivuka Burundi. Mimi niliteremka Uvira kumchukua mama. Nyamianda yote ilikuwa inafunga mizigo: magodoro vichwani, mbuzi wakivutwa, watoto wamevalishwa nguo mbilimbili. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Mama, twende."

"Enda weye. Nikienda, Furaha atakuta mulango umefungwa."

Nilimwomba kwa upole, kisha kwa machozi, kisha kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Alichambua maharage. Milio ya mbali ilikuwa imeanza kusikika upande wa bonde. Nikatoka mbio kwa Mama Robine.

Alikuwa akikaa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Bomba lilikuwa limekufa kitambo, mtaa unachota mtoni, na miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kutembea mbali. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinitambua kwa sauti.

"Mudogo wa Furaha," alisema. Hakuna aliyewahi kuniita jina langu bombani.

Sikukaa. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama: mama amekataa kuondoka, anangojea hadithi iishe, nayo haiishi kwa sababu yake. Nikamwambia: "Mama, uje umalize. Tafazali. Vinginevyo mama yangu atakufa juu ya hadithi yako."

"Unajua unaniomba nini?" alisema. "Nikimaliza ya kwenu, nimemaliza na ya bwana yangu. Siwezi maliza nusu."

"Najua, mama."

"Haujue." Kisha akanyoosha mkono. "Nishike. Polepole, miguu haitaki."

Tulipita kati ya watu waliokuwa wakienda upande wa pili, na wengi walimsalimu. Mama alipomwona mlangoni aliinuka, maharage yakamwagika. Nadhani alijua papo hapo. Mama Robine alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti alichopewa, akaanza pale alipokatia bomba lilipokufa.

Nabintu akafika kwa Mwami wa Chini. Mwami hakuwa jitu. Alikuwa mzee aliyechoka, amekaa kati ya vivuli vilivyokunjwa vizuri, kama vitenge sokoni. Akasema, "Chukua, sikukatazi." Nabintu akatafuta, akakipata kivuli cha kaka yake, akakiinua. Kilikuwa kimeota mizizi. Kimekaa huko muda mrefu mno, kimeshika mchanga, na kukivuta ni kukichana. Akakaa nacho. Akakisimulia habari za nyumbani zote, nani kazaa, nani kajenga. Kisha akakikunja tena, akakiacha. Alipopanda, aliwashukuru wote, yule mzee wa soko, yule mchungaji. Langoni alimwelezea mamba jua, mpaka mamba akasema basi, nimeliona. Akatokea mchangani mikono mitupu.

"Na mama yake akatoka mbio," alisema Mama Robine. "Akaangalia nyuma ya Nabintu, kama anakuya na mwingine. Akaangalia, akaangalia. Hakuna. Halafu akamwangalia ule alirudi. Akaona namna amekonda. Akasema: ingia, mutoto wangu. Ulikulaka?" Kisha akasema: "Imeisha."

Mama alikuwa ameshika magoti yake.

"Ule alibaki," aliuliza, "alikuwa na njaa kule?"

"Hapana."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, dada yangu. Bako wengi. Bwana yangu naye iko kule."

Ndipo mama akapiga ukelele. Sijawahi kuusikia kabla, wala sijausikia tena. Mama Robine akaitikia kwa wa kwake, mwembamba, wa mwanamke mzee, na wawili hao walishikana pale chini kati ya maharage.

Kwetu ukelele wa namna hiyo haupitwi. Wa kwanza kuingia alikuwa mwanamke aliyebeba godoro. Alilitua nje, akavua kanda mbili zake, akaingia akakaa chini bila kuuliza. Akaja mwingine na mtoto mgongoni. Wakaja wanaume, wakasimama ukutani, mizigo yao wameipanga nje barabarani katika mstari, mtu na wake. Milio ya bondeni ilikuwa inasogea na kila mmoja wao aliisikia, na waliendelea kuingia mpaka nyumba ikajaa. Mmoja akaanzisha wimbo, wa kwaya ya Mama Robine, taratibu.

Mzee mmoja aliyechelewa aliinama mlangoni, akauliza, kama inavyopasa kuuliza, kilio ni cha nani.

Nilifungua mdomo. Mama alinitangulia. Alifuta uso wake kwa kiganja, akanitazama mimi, si njiani, kisha akamjibu mzee.

"Ya Furaha," alisema. "Mukubwa wangu. Alikufa mu vita ya kwanza."

Tulikaa kilio cha Furaha mpaka jua likaegemea. Kisha watu wakainuka, kila mtu akachukua mzigo wake, na mama akaenda chumbani kufunga nguo zake.